Plagi za gari la turbo: nilichojifunza Mtwara kwa pesa yangu

Mwezi wa kwanza niliokaa na Mark II yangu yenye injini ya 1JZ-GTE, barabara ya kutoka Mtwara kwenda Mingoyo niliijua kwa sehemu ambazo injini ilinikatikia. Mizunguko ya injini ikipita 4,500 kwa dakika na turbo imeshajaa, gari linatetemeka, linapiga misi (cheche inakosa kuwasha mafuta), kisha linatulia. Mwenye gari kabla yangu alikuwa ameshaweka intakula kubwa ya kupoza hewa ya turbo, bomba pana la ekzosti na pampu ya mafuta yenye nguvu. Mimi nikaongeza presha ya turbo mpaka bar 1. Plagi hakuna aliyezigusa. Zilikuwa namba 6, yaani daraja lake la joto nitakalolieleza mbele, zenye gepu (nafasi inayorukwa na cheche) la milimita 1.1, kana kwamba gari lilikuwa bado vilevile lilivyotoka kiwandani.

Nikafanya kile wanachofanya wengi: nikaagiza plagi za gharama. Nilimpigia muuzaji wa Kariakoo, nikatuma pesa, na kesho yake kifurushi kikashuka na basi. Iridiamu, sita, ziko kwenye maboksi yake. Nikazifunga jioni hiyo hiyo nyumbani, Shangani. Asubuhi nikaelekea Mikindani, na kwenye kile kipande cha kupanda mlima gari likapiga misi kama jana. Ile pesa iliniuma, na ndiyo sababu naandika. Natamani mwenzangu wa huku Kusini asome kwanza, ndipo atume pesa.

Nilimpelekea gari mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ligula. Hakuniuliza plagi ni za kampuni gani.

"Mjomba, gepu umepima?"

"Mzee, ni mpya, zimetoka kwenye boksi."

Akachomoa moja, akapitisha fila geji, kile kipimo cha bapa cha gepu. Milimita 1.1. "Basi umenunua jina tu. Cheche bado inaruka mfereji ule ule."

Akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisahau. Cheche ni umeme unaoruka hewani. Hewa ikibanwa zaidi, umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuipita, na turbo kazi yake ni kubana hewa. Kwa hiyo kila unapoongeza presha unaipa koili, inayotengeneza umeme wa cheche, mzigo mpya. Gepu pana linaongeza mzigo juu ya mzigo, mpaka koili inashindwa, cheche haitoki, nawe unaona gari linakata likiwa limekolea. Koili za 1JZ zimekaa katikati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) chini ya kifuniko, kwenye joto, na gari lenyewe lina zaidi ya miaka 20. Hazina nguvu ya kupoteza.

Akalipunguza gepu mpaka milimita 0.7. Alikunja kwa upole mkono wa nje tu, ile sindano ya katikati hakuigusa kabisa. Hilo nalisisitiza, maana sindano ya iridiamu ni nyembamba mno, nyingine haifiki hata milimita moja, na nimeshaona mtu akiivunja kwa kuchomeka kipimo cha duara na kukikandamiza. Misi iliisha siku hiyo. Kwa gari lenye turbo iliyoongezwa presha, mimi huanzia milimita 0.8 na kushuka hadi 0.7 likiendelea kukata. Chini ya hapo cheche inakuwa fupi, na gari likiwa sailensa, yaani limesimama linaunguruma tu, linaanza kuyumba.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe sasa gari lilikuwa linavuta kwa nguvu zake zote kwa mara ya kwanza, na joto lake lote lilikuwa linafika kwenye plagi. Wiki mbili baadaye mzee akasema tuzichomoe tuziangalie. Kauri ya kuzunguka sindano ilikuwa nyeupe kama chokaa, na kwenye plagi mbili kulikuwa na vipunje vidogo vinavyometa. "Hiyo ni alminiamu ya pistoni zako," akasema. Moyo ulinilipuka. Ningeendesha hivyo mpaka Dar, pengine injini ingekufa kabla sijafika daraja la Mkapa.

Kila plagi ina daraja lake la joto, na kwenye uchaguzi wa plagi hakuna jambo linalozidi hili. Nguvu ya cheche haihusiani na daraja hilo. Linaeleza jinsi plagi inavyotoa joto kutoka kwenye ncha yake kwenda kwenye hedi. Plagi ya moto ina kauri ndefu ndani, joto linasafiri mbali, ncha inabaki na joto. Plagi baridi ina kauri fupi, joto linatoka haraka. Ncha inatakiwa ifike kiasi cha nyuzi 450 za Sentigredi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini ikipita 800 na kuendelea kupanda inageuka kaa la moto linalowasha mafuta kabla cheche haijatoka. Hapo ndipo pistoni hutoboka. Watengenezaji wa plagi NGK wenyewe hushauri kushuka daraja moja kuelekea baridi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 unazoongeza. Gari langu lilikuwa linakaribia kiasi hicho, kwa hiyo namba 7 ndiyo iliyonifaa.

Sasa namba zenyewe zinachanganya. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Tena NGK na Denso hawatumii hesabu moja: 6 ya NGK inakaribiana na 20 ya Denso, na 7 inakaribiana na 22. Ukimwambia muuzaji "nipe namba kubwa" bila kutaja kampuni, unaweza kuletewa kitu kitakachoua injini yako. Soma maandishi yote yaliyo kwenye plagi. Kwenye BKR7E, B ni unene wa nyuzi za kufungia, milimita 14. R inaonyesha ina kizuizi cha kuzuia umeme wake usisumbue redio na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. 7 ni daraja la joto. E ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 19. Mwishoni ukiona -11, gepu lake ni 1.1. Urefu usiubahatishe kamwe. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Lakini mzee hakuniacha niamini kwamba plagi baridi ni dawa ya kila kitu. Vile vipunje vilitokana na injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, na plagi pekee haiponyi hilo. Injini hii Wajapani waliitengenezea petroli yao ya oktani ya juu, isiyolipuka ovyo kirahisi. Sisi tunajaza ya sheli zetu. Nilishusha turbo mpaka bar 0.8 na kukaa hivyo mpaka nilipopeleka gari Dar likarekebishwe muda wa cheche na kiasi cha mafuta. Ukishauriwa uongeze presha kwanza, kontroli boksi utaishughulikia baadaye, tafadhali kataa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Rafiki yangu wa Lindi mwenye Subaru ya turbo alisikia habari za plagi baridi akarukia namba 9. Yeye gari lake ni la mjini: nyumbani, kazini, sokoni kununua samaki, basi. Plagi hazikupata joto la kujisafisha, zikajaa masizi meusi, na asubuhi gari likawa haliwaki mpaka ahangaike. Kwenye Subaru plagi zimelala ubavuni mwa injini, kuzitoa ni lazima uondoe betri na boksi la hewa, kwa hiyo kila kosa lilimgharimu nusu siku. Alirudi kwenye 7 akapona.

Kuhusu nikeli au iridiamu, sina ugomvi na yeyote. Iridiamu inadumu na inahitaji umeme kidogo kuruka. Mimi siku hizi nafunga BKR7E za nikeli, kwa sababu gari la namna hii plagi zake nazichomoa mara kwa mara kuzisoma, na bei ya seti moja ya iridiamu inaninunulia seti kadhaa za nikeli. Nazibadilisha kila kilomita 10,000. Tunaita plagi za kopa, ila kopa iko ndani tu. Ncha ni nikeli.

Feki zipo, na nimeshauziwa. Maandishi yake yalifutika kwa kidole chenye petroli, na ile pete ya kubania ilidondoka nilipoigeuza plagi. Ya halali pete yake haitoki kirahisi. Tangu hapo muuzaji ananitumia picha ya plagi yenyewe kabla sijalipa, picha ya boksi sipokei.

Kwenye kufunga, kumbuka udongo wetu ni mchanga. Mashimo ya plagi za 1JZ yanakusanya mchanga, na vijana wa kuosha magari wakipuliza maji kwenye injini yanakusanya na maji, ambayo nayo huleta misi. Puliza upepo wa kompresa kwanza, ndipo uchomoe. Injini iwe imepoa kabisa, maana hedi ya alminiamu ikiwa ya moto nyuzi zake huharibika kirahisi. Anza kwa vidole, plagi iingie bila kulazimishwa mpaka pete iguse. Kama una spana ya toki, inayopima nguvu ya kubana, bana kati ya Nm 25 na 30. Kama huna, plagi mpya izungushe nusu mzunguko au zaidi kidogo baada ya pete kugusa, basi. Iliyokwishatumika inahitaji mguso mdogo tu. Grisi usipake, inakufanya ubane kupita kiasi bila kujua.

Zile za zamani mimi huzipanga kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza hadi ya sita, kabla sijampelekea mzee. Rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu kwenye kauri ndiyo tunayoitaka. Mara ya mwisho ya tano ilikuwa na mafuta ya injini kwenye nyuzi zake, tano zilizobaki zikiwa safi, akaniambia, "Hii si plagi, mjomba. Kafungue kifuniko cha juu, tuangalie sili ya shimo la tano."