Anataka nini, na nini kinamzuia?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kijana anayekwenda chuo kikuu kusomea sanaa za maonyesho anatoka na nini? Mama yangu aliniuliza hivyo kabla yenu, tukianika mahindi nyumbani Kisesa. "Mwanangu, ngoma si zipo hapa hapa Bujora? Dar es Salaam unafuata nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kila Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliokusanya umati mkubwa ndio mshindi. Kwa kuvuta watu, sijaona mhitimu wa kumshinda mcheza ngoma wa Kisukuma.

Nilichokipata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni swali moja. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Nilicheza mmoja wa wale walioamini kwamba maji yatawakinga na risasi, nikamcheza kwa macho ya kutoka na mdomo wazi. Mwalimu akasimamisha mazoezi. "Unacheza mjinga. Huyu si mjinga. Anataka nini, na nini kinamzuia?" Tulirudia kipande kile mpaka usiku, wenzangu wote wakinisubiri mimi.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimerudi Mwanza, nilipewa kazi ya kuhamasisha wavuvi wa dagaa wavae jaketi okozi. Nikaandika igizo: mtumbwi unapinduka, mvuvi anakufa maji, mjane analia. Tukalipeleka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mjane alipoanza kulia, nusu ya watu walikuwa wamesharudi kwenye nyavu zao. Mzee mmoja akanifuata, akaniambia taratibu, "Kijana wangu, ziwa limenichukulia ndugu wawili. Unanifundisha kufa maji?"

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemcheza mjinga tena.

Na darasani tulikuwa tumesoma habari za Malya, kule Kwimba, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa chuo chetu, akiwemo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji. Hawakwenda na igizo mkononi. Waliuliza kwanza, likajitokeza suala la mimba za wanafunzi, na wanakijiji wenyewe wakalitia kwenye ngoma na maigizo yao, kisha wakalijadili. Mimi niliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani tu.

Tukarudi mwaloni wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazikusanyi dagaa na wavuvi wanabaki nchi kavu. Siku tatu hatukuigiza chochote. Tulikaa nao wakishona nyavu, tukasikiliza. Jaketi zipo, wakasema, ila tajiri, mwenye mitumbwi, amezifungia stoo mpaka siku ya ukaguzi. Tena ni nene, zinabana kwapani mtu akivuta wavu. Hatari wanaijua kuliko sisi.

Igizo la pili walicheza wao. Yule mzee aliomba awe tajiri. Alifunga shada la funguo kiunoni, wala hakusema neno. Alipita tu mbele ya vijana wanaopakia mtumbwi, funguo zikilia. Watu walicheka sana, kisha wakanyamaza.

Najua mzazi anayesoma hapa anawaza ajira. Ni ngumu kweli, na wengi niliosoma nao hawako jukwaani: yuko anayefundisha sekondari, yuko wa redio, yuko wa benki. Ila wote walizoeshwa kutomhukumu mtu kabla hawajajua anachotaka, na hilo sikulipata kwenye somo lingine lolote.

Tajiri mmoja alikuwepo siku ile, amesimama nyuma kabisa. Majadiliano yalipoanza hakujitetea. Aliuliza kama kuna jaketi zisizobana kwapani, na bei yake. Wavuvi wakaanza kumjibu wote kwa pamoja, na tulipoondoka giza lilikuwa limeingia, bado wanabishana.