Kabla hujafungua anime ya Gridman, Ultraman au Kamen Rider

Kila anayeingia kwenye anime hizi, katuni za Kijapani zilizotokana na tamthilia za zamani, huuliza swali lilelile: ni lazima kuanza na tamthilia ya zamani? Angalia kwanza anime yenyewe inafanya nini. Inaendeleza hadithi ya zamani, inaisimulia upya, au imeazima jina tu? Ukikosea hapo utamaliza saa 20 na bando lote kwenye sehemu ambazo hukuzihitaji, au utafika mwisho wa anime nzuri na kubaki unajiuliza wenzako wanalia nini.

Tamthilia zenyewe Wajapani huziita tokusatsu: waigizaji halisi, mtu ndani ya vazi la mpira, mji wa vinyago unaobomolewa, na baruti za kutosha. Kama umewahi kuangalia Power Rangers umeshaziona, maana mapigano mengi ya mle yalikatwa kutoka tamthilia za Super Sentai za Japani.

Anza na Gridman. Ya kwanza ilirushwa kuanzia Aprili 1993 hadi Januari 1994, sehemu 39, kazi ya kampuni ya Tsuburaya, walewale wenye Ultraman. Wanafunzi watatu wanajiundia kompyuta kwa vipuri, wanaiita Junk, na shujaa wao Gridman anapigana na kaiju (madude makubwa) ndani ya mitandao ya kompyuta. Kaiju hao huchorwa na mvulana mpweke, Takeshi, anayetumikishwa na mwovu Khan Digifer. Mwaka 2018 studio ya Trigger ikatoa SSSS.Gridman, sehemu 12, mwongozaji akiwa Akira Amemiya. Kwa juu juu ni hadithi mpya kabisa: Yuta amepoteza kumbukumbu, kompyuta kuukuu imekaa kwenye duka la mitumba la kina Rikka, mwanafunzi mwenzake, kaiju anabomoa mtaa mzima, na kesho yake mtaa umesimama kama vile hakuna kilichotokea. Ni wachache tu wanaokumbuka.

Hii iangalie bila maandalizi yoyote. Uhusiano wake na ile ya 1993 ndio fumbo lenyewe, na ukiingia mtandaoni kutafuta “maelezo” baada ya sehemu ya pili, uhondo umekwisha. Ukimaliza zote 12 (ni karibu saa 5 tu), rudi kwenye ya zamani: tazama sehemu ya 1 na mbili za mwisho. Halafu irudie sehemu ya 12 ya anime. Wimbo unaopigwa kwenye pambano la mwisho ni wimbo wa ufunguzi wa 1993, na safari hii utajua kwa nini umewekwa pale. Usikate kabla skrini haijazima yenyewe. Programu nyingi za video zina tabia ya kukurusha kwenye kitu kingine majina ya watengenezaji yanapoanza kupita, kwa hiyo zima kabisa ile ya kucheza kinachofuata.

Kuna makosa mawili huwafanya watu waseme SSSS.Gridman inachosha. La kwanza ni kuiongeza kasi hadi 1.5. Mazungumzo ya shuleni na nyumbani yameachwa karibu bila muziki. Unasikia nyenje, hatua za watu, kimya cha aibu kati ya wawili wasiojua waambiane nini. Ukiharakisha, kimya hicho kinageuka pengo. Tumia vipokea sauti vya masikioni kama unavyo. La pili ni kudhani kaiju wamechorwa vibaya kwa sababu wanatembea kizito na kugeuka mwili mzima kwa pamoja. Wamechorwa hivyo makusudi: kaiju wa anime hii anasogea kama mtu aliyebeba vazi la mpira, na mara nyingi unamtazama kutoka chini, nyuma ya nguzo na nyaya za umeme, kama kamera iliyowekwa sakafuni studio katikati ya nyumba za vinyago. Hata mwandishi wake, Keiichi Hasegawa, ni mkongwe wa tamthilia za Ultraman, si mgeni aliyeokotwa.

Mpangilio wa kuendelea hauna mjadala: SSSS.Gridman, kisha SSSS.Dynazenon (2021, sehemu 12), kisha filamu ya Gridman Universe (2023). Filamu inakusanya watu wa pande zote mbili, kwa hiyo aliyeruka Dynazenon atakutana na nusu ya wahusika kama wageni harusini. Zile S nne zimetoka kwenye toleo la Marekani la 1994, Superhuman Samurai Syber-Squad. Hilo halihitajiki hata kidogo, ila kama unapenda vituko ni lako.

Ultraman ina shida ya jina. Ukiandika “Ultraman” tu kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa tamthilia ya 1966, anime ya 1979, anime ya 2019, na filamu ya Ultraman: Rising ya 2024, ambayo ni hadithi nyingine kabisa. Andika jina pamoja na mwaka. Ile ya Netflix ya 2019 iliongozwa na Kenji Kamiyama na Shinji Aramaki na ina misimu mitatu: sehemu 13, 6 na 12. Imetokana na manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) iliyoanza 2011, na msingi wake ni kwamba matukio ya 1966 yalitokea kweli. Hayata, shujaa wa ile ya zamani, amezeeka, na mwanawe Shinjiro amerithi nguvu ambazo hakuziomba. Kwa hiyo hapa maandalizi yanasaidia, ila huhitaji sehemu zote 39 za zamani. Tazama ya 1, uone Hayata na Ultraman walivyounganishwa, ya 33 yenye adui Mefilas, na ya 39 yenye kaiju Zetton. Ongeza ya 10 kwa kujifurahisha: kaiju Jirass ni vazi la Godzilla lililovikwa ukosi shingoni, na Ultraman anaung'oa katikati ya pambano.

Jiandae pia kwa sura yake. Ni picha za kompyuta mwanzo hadi mwisho, na hapa Ultraman ni vazi la chuma la ukubwa wa binadamu. Anayetafuta jitu la kubomoa maghorofa atakasirika kwenye sehemu ya kwanza tu. Sura za watu zina ugumu fulani. Mapigano ndiyo yanayoibeba.

Upande wa Kamen Rider, anime ya Fuuto PI (2022, sehemu 12) ndiyo inayodai zaidi. Inaanzia pale Kamen Rider W ya 2009 hadi 2010 ilipoishia, na manga yake imeandikwa na Riku Sanjo, mwandishi mkuu wa tamthilia hiyohiyo. Vijana wawili, Shotaro na Philip, wanakuwa shujaa mmoja. Kwa kawaida mwili unaotumika ni wa Shotaro, na Philip anaanguka chini kama aliyezirai. Usiyejua hilo utadhani amepigwa. Kama huna muda wa sehemu 49, chukua 1 na 2, kisha 19 na 20 ambamo shujaa wa pili, Accel, anaingia, kisha 47 hadi 49. Namna wawili hao walivyokutana imo kwenye filamu ya Desemba 2009, Movie War 2010. Anime nayo ina filamu yake ya 2024 kuhusu Skull, shujaa aliyemtangulia Shotaro, inayogusa usiku huohuo wawili hao walipokutana, na hiyo iache mpaka umalize sehemu 12.

Kuwa na subira na mwanzo wake. Kesi ya kwanza inachukua sehemu 3, na ni upelelezi zaidi ya ngumi. Na wazazi: tamthilia ya W ilirushwa Jumapili asubuhi kwa ajili ya watoto, lakini anime imetokana na manga ya watu wazima, ina damu na miili isiyovaa vya kutosha. Usimwachie mtoto rimoti kwa sababu tu umeona jina la Kamen Rider.

Giant Robo haikudai chochote. Tamthilia ni ya 1967, anime ni sehemu 7 zilizotoka kati ya 1992 na 1998, na mwongozaji Yasuhiro Imagawa alichukua jina, mvulana na roboti, kisha akajaza wahusika kutoka manga nyingine za Mitsuteru Yokoyama. Fungua tu.

Kikaider ndiyo huwakuta watu vibaya. Waliopenda ile ya 1972, yenye roboti Jiro na gitaa lake na mwili wa nusu nyekundu nusu buluu, hufungua anime ya 2000 wakitaka vurugu za furaha. Wanakuta huzuni ya polepole, kwa sababu anime ilirudi kwenye manga ya Shotaro Ishinomori: roboti aliyepewa dhamiri isiyokamilika, na filimbi ya mwovu Profesa Gill inayoweza kumvuta kwenye uovu wakati wowote. Hapa ya zamani iache kabisa, au iangalie baadaye kama kitu kingine. Sehemu ni 13, halafu kuna 4 za Kikaider 01 zilizotoka 2001 kama video za kununua. Tovuti nyingi huziorodhesha peke yake, mbali na zile 13, ndiyo maana wengi huishia kwenye ya 13 wakidhani wamemaliza. Mwisho wa hadithi uko kwenye hizo nne.