Kwa nini Masisi haina mbunge

Goma

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwa simu mbona Masisi, wilaya yetu huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, haina mbunge hata mmoja Kinshasa, na kama kweli tuliwahi kuwa naye. Swali zito hilo, simu ingemaliza salio.

Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, wilaya za Masisi, Rutshuru na Kwamouth ziliachwa nje kwa sababu ya vita. Bunge jipya lilipoanza, wabunge wetu waliochaguliwa 2018 muda wao uliisha, na hakuna aliyeshika viti vyao. Huku jimboni nako, Mei 2021 serikali ilituwekea gavana mwanajeshi.

Ila usifikiri zamani tulishiba. Mei 1960 waliopiga kura ni wanaume tu. Bibi yako alibaki shambani. Wanawake walipewa haki hiyo na katiba ya 1967, na ilipofika 1970 wakakuta hakuna cha kuchagua: orodha moja ya MPR, chama pekee cha Rais Mobutu, karata ya kijani kukubali, nyekundu kukataa. Nani angethubutu nyekundu? Mwaka 1975 hata karata ziliondolewa. Watu walikusanywa uwanjani, majina yakasomwa, wakapiga makofi, basi, wabunge wamepatikana! Baba yako akiikumbuka siku hiyo hucheka mpaka leo, mimi sicheki.

Kura ya 2006 ndiyo tuliyoihesabu kuwa kura. Hata hivyo wilaya nzima ni eneo moja lenye viti kadhaa, kwa hiyo sehemu za Masisi kama Katoyi au Osso-Banyungu hazina mbunge wa peke yake. Wagombea walijazana pale penye watu wengi, huko milimani tuliwaona kwenye picha. Ukimdai mmoja barabara ya Sake, alikujibu kwamba kisheria yeye ni mbunge wa taifa, na wapiga kura hawawezi kumfunga kwa maagizo. Ni kweli, kifungu cha 101 cha katiba kinasema hivyo.

Kwa kifungu hicho hicho watakuambia Masisi inawakilishwa na wabunge wote. Mimi sikubali. Wale wa 2006, wabaya kwa wazuri, 2011 walilazimika kurudi kutuomba kura, na wengine tuliwanyima. Leo mbunge wa Goma au wa Kinshasa akitutaja bungeni namshukuru, lakini akinyamaza, sisi tutamnyima nini?

Shangazi yako anakusalimia.

Mama yako