Kudai Marejesho ya Kodi ya Mauzo: Anza na Tarehe, Kiasi Kitafuata

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitayarisha madai ya marejesho ya kodi ya mauzo na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa niaba ya wafanyabiashara, na karibu kila anayekuja huuliza kwanza ni kiasi gani kitarudi. Mimi humrudisha kwenye swali jingine: kodi hiyo ni ya kipindi gani, na sheria inahesabu muda kuanzia lini? Dai linaweza kuwa la haki kabisa, likaambatanishwa na ankara zote, na bado likakataliwa kwa sababu lilifika siku moja baada ya muda kwisha. Afisa anayelikataa kwa sababu hiyo hahitaji hata kufungua viambatisho.

Wengi wanakumbuka idadi ya miaka, lakini kinachoamua ni tarehe ya kuanzia. Nchini Uingereza ukomo wa kudai VAT iliyolipwa kupita kiasi ni miaka 4. Ikiwa ulitoza na kuwasilisha kodi isiyostahili kwenye mauzo yako, miaka hiyo huhesabiwa tangu mwisho wa kipindi cha ritani (taarifa ya kodi inayowasilishwa kwa mamlaka) yenyewe, kwa hiyo kipindi kilichoishia tarehe 31 Machi 2022 hufungwa tarehe 31 Machi 2026. Lakini ikiwa hukudai kodi uliyolipa kwenye manunuzi, miaka hiyo hiyo 4 huanza siku ambayo ritani ilipaswa kuwasilishwa, yaani baadaye kidogo. Ni nchi moja, kodi moja na robo mwaka moja, lakini tarehe za mwisho ni mbili. Kule Marekani, jimbo la California hutoa miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, au miezi 6 tangu malipo ya ziada yafanyike, na mlipakodi hufuata tarehe inayochelewa zaidi. Texas hutoa miaka 4 tangu siku kodi ilipopaswa kulipwa. Angalia kwamba katika sheria zote hizi muda hauanzi siku ulipogundua kosa. Mfanyabiashara anayesema "nimejua mwezi uliopita" anasema kweli, ila ukweli huo haumwongezei siku hata moja.

Jambo linaloniumiza zaidi kuliko yote ni namna madai yanavyokufa kipande kwa kipande. Kosa la kodi mara nyingi hurudiwa katika kila ritani kwa miaka, kwa sababu bidhaa iliwekwa kwenye kundi lisilo lake tangu mwanzo na mfumo wa mauzo ukaendelea kuitoza hivyo. Kila kipindi kina tarehe yake ya kufungwa, na kila robo mwaka unayochelewa huondoa robo mwaka moja nyuma. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza na mteja mpya ni jedwali la safu nne tu: kipindi, tarehe ya ritani, kodi iliyozidi, na siku ya mwisho ya kudai. Mstari wa juu, wenye kipindi cha zamani zaidi, ndio wa kuangaliwa, kwa kuwa ndio unaokaribia kufutika. Nimewahi kumwona mteja akiambiwa na ofisi ya kodi, tena kwa lugha ya upole, asubiri mwongozo ambao ulikuwa ukiandaliwa. Alisubiri, mwongozo ukatoka ukimpa haki, na mistari kadhaa ya juu ya jedwali lake ikawa imekwishafungwa. Hakuna aliyemdanganya, lakini mazungumzo hayasimamishi muda. Kinachousimamisha ni dai.

Na dai lina sura yake. Kanuni za VAT za Uingereza zinataka liwe la maandishi, litaje kiasi kinachodaiwa na lieleze jinsi kiasi hicho kilivyokokotolewa. Barua inayosema tu kwamba unaamini umelipa zaidi, na kwamba hesabu zitafuata, haitoshi. Kama suala la kisheria bado linabishaniwa mahakamani katika kesi ya mtu mwingine, usisubiri hukumu: wasilisha dai la tahadhari lenye kiasi, vipindi na hoja, kisha omba lisitolewe uamuzi hadi kesi ile iishe. Weka hoja zako zote tangu mwanzo, kwani hoja mpya ikiongezwa baadaye inaweza kuhesabiwa kuwa dai jipya, na dai jipya hupimwa kwa ukomo wake.

Historia inaonyesha pia kwamba ukomo wenyewe unaweza kubadilishwa. Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, walitozwa VAT kwenye keki ndogo zenye chokoleti tangu 1973 hadi 1994, kodi ambayo mamlaka ilikubali baadaye kuwa haikustahili. Tarehe 18 Julai 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza ukomo wa miaka 3 unaogusa hata madai yaliyokuwa mezani. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba ukomo wa muda unaofaa unakubalika, ila kuufanya urudi nyuma bila kipindi cha mpito ni kinyume cha sheria. Hatimaye sheria ya 2008 ilifungua tena mlango kwa madai ya zamani hadi tarehe 31 Machi 2009, na waliokuwa wametunza kumbukumbu waliweza kuutumia. Kwa hiyo sishauri mtu ateketeze ankara zake kwa sababu tu muda wa lazima wa kuzitunza umekwisha.

Kuna kizuizi kingine kinachopaswa kuandaliwa mapema. Kodi ya mauzo kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, hivyo mamlaka inaweza kukataa kukurudishia kwa hoja kwamba utajipatia faida isiyo yako. Wakati mwingine utatakiwa kuwarudishia wateja kwanza, au kuahidi kwa maandishi kwamba utafanya hivyo. Kuwatafuta wateja hao huchukua muda mrefu; basi wasilisha dai kwanza, na utunze uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, uwe muhuri kwenye nakala au ujumbe wa mfumo wa mamlaka, kwa sababu baadaye swali litakuwa siku dai lilipopokelewa.