Unakwenda mashindano ya kimataifa ya drafti? Jifunze kwanza kutofungwa

Kila anayejiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya kimataifa ya drafti huniuliza swali lilelile: nifungue vipi? Anataka mitego ya mwanzo wa mchezo, ile ya kumaliza kazi mapema. Nami humjibu kwa swali: ukibaki na kingi moja, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho wa mpinzani ikapata nguvu ya kuteleza mbali, na mwenzako ana kingi tatu, utafanya nini?

Wengi husema wamefungwa hapo, na wako tayari kunyoosha mkono kumpongeza mpinzani. Kumbe kwenye bao la kimataifa hiyo inaweza kuwa sare safi kabisa. Bao lina miraba 100, kete zinatembea kwenye ile 50 ya rangi ya giza tu, na miraba hiyo imepewa namba 1 hadi 50. Kete nyeupe hupangwa 31 hadi 50 na ndizo zinazoanza, nyeusi hupangwa 1 hadi 20. Anayecheza nyeupe ana mraba wa 46 kwenye kona yake ya kushoto, na mshazari mrefu kuliko yote unatoka hapo kukatiza bao zima hadi mraba wa 5. Kingi yako ikishaukalia mshazari huo na mpinzani hana njia ya kukutoa hapo papo hapo, kingi zake tatu hazina la kukufanya. Unateleza tu, chini juu, juu chini, huku ukiangalia asikutegee. Zikifika hatua 16 kwa kila mmoja, mwamuzi anaandika sare. Ukiwa nje ya mshazari huo, kingi tatu hizohizo zinakumaliza. Tofauti ni mraba mmoja tu, lakini imewatoa watu kwenye nafasi za medali.

Ushauri wangu unaanzia hapo kwa sababu ya hesabu ya pointi. Ushindi ni pointi 2, sare 1, kufungwa hakuna kitu. Mashindano mengi ya wazi hutumia mfumo wa Uswisi: baada ya kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zako, au anayekukaribia. Ukishinda, anayefuata ni mgumu zaidi. Kadiri unavyopanda, sare zinazidi kuwa nyingi, maana bao la kimataifa ni gumu kulishinda dhidi ya mtu anayejua kujilinda. Kumzidi mpinzani kete moja, jambo ambalo kwenye bao dogo la miraba 64 mara nyingi ni habari njema tosha, hapa huenda lisikupe kitu. Mchezo ukipungua hadi kingi mbili dhidi ya moja, kwa kawaida hakuna mshindi, na kanuni zinatoa hatua 5 tu kwa kila mmoja kabla ya kutangaza sare.

Kwa hiyo nusu ya muda wako wa mazoezi uuweke kwenye mwisho wa mchezo. Naam, nusu. Inachosha, haina mbwembwe, na hakuna atakayesimama nyuma yako kupiga makofi. Jifunze kingi tatu dhidi ya moja kutoka pande zote mbili, anayefukuza na anayekimbia. Jifunze lini kete moja iliyobaki inafika na lini inazuiwa. Jifunze pia kutoa kete mbili kwa makusudi ili moja ipenye ikawe kingi na kuukalia mshazari mkuu. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kujiokoa ukiwa umebanwa, na asiyeijua huendelea kulinda kete zisizo na faida mpaka zinaliwa zote.

Sasa tuje kwenye tabia za bao dogo, ambazo ndizo zinazoleta fedheha. Zipo aina nyingi za drafti duniani na kila moja ina sheria zake, kwa hiyo usidhani kanuni ulizozizoea zinasafiri nawe. Kwenye drafti ya kimataifa kete ya kawaida hula mbele na nyuma. Kula ni lazima. Na ukiwa na njia mbili za kula, huchagui unayoipenda: unafuata ile inayokula kete nyingi zaidi. Kingi na kete ya kawaida zinahesabika sawa, kila moja ni moja. Njia zikilingana ndipo unapata hiari. Hakuna ile adhabu ya kuondolewa kete kwa kusahau kula. Ukikosea, unarudishwa ule inavyotakiwa.

Sheria hiyo ya wingi ndiyo silaha kubwa ya mchezo huu. Mpinzani mzuri hakusubiri ukosee. Anakulazimisha ule kete tatu upande ambao hukutaka kwenda, kisha anapita na tano zako. Nimewaona wachezaji wakali wa bao dogo wakitabasamu wakihesabu kete walizokula, na tabasamu halijaisha wameshapigwa.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuyaweka kichwani kabla hujafika ukumbini. La kwanza: kete inayogusa mstari wa mwisho ikiwa bado inakula haigeuki kingi. Panga bao uone. Kete nyeupe iweke 13, nyeusi weka 8 na 7, na miraba ya 2 na 11 iwe wazi. Nyeupe inakula 8, inatua 2, ambao ni mstari wa mwisho. Lakini kutoka 2 kuna 7 ya kuliwa na 11 ni wazi, kwa hiyo inalazimika kuendelea, inatua 11, na inabaki kete ya kawaida. Ungekuwa umejenga mpango wako wote juu ya kingi hiyo, mpango umekufa.

La pili linawachanganya hata wazoefu. Kete zinazoliwa haziondolewi moja moja. Zinabaki mezani mpaka safari nzima ya kula iishe, ndipo zinatolewa. Unaruhusiwa kupita mraba mtupu zaidi ya mara moja, lakini hupiti juu ya kete moja mara mbili. Matokeo yake ni kwamba kingi inaweza kulazimika kusimama katikati ya njia kwa kuzuiwa na kete iliyokwishaliwa, ambayo bado imekaa palepale kama ukuta, na iliposimama ndipo inaliwa. Shambulio la aina hiyo ni la zamani sana na wazoefu wanalijua kama shambulio la Kituruki. Lifanyie mazoezi kwa kete halisi kwenye bao. Kwenye simu programu inakuondolea kete yenyewe, na jicho lako halijifunzi kuona ule ukuta.

Saa. Mchezo wa kawaida katika mashindano ya shirikisho la dunia, FMJD, huwa dakika 80 kwa kila mchezaji, na dakika moja inaongezwa kwa kila hatua. Piga hesabu: mchezo wa hatua 60 unaweza kula dakika 140 za kila mmoja, yaani jumla ya saa nne na dakika arobaini mmekaa kwenye viti. Aliyezoea michezo ya dakika kumi hujikuta amecheza hatua 30 huku saa yake ikiwa karibu haijaguswa. Yeye anadhani huo ni umahiri. Mpinzani anafurahi, kwa sababu yeye ametumia muda wake kuhesabu. Jilazimishe nyumbani kucheza michezo mirefu, hata miwili kwa wiki, na usinyanyuke kitini ovyo. Ukifika hatua ya 40 na akili bado ni nzima, umeshawazidi wengi. Nakutajia 40 kwa sababu nyingine pia: mashindano mengi hayaruhusu wachezaji kukubaliana sare kabla kila mmoja hajafikisha hatua hizo, kwa hiyo usitegemee kwamba mtapeana mikono mapema mkapumzike.

Ukigusa kete, umeicheza. Kama unataka kuiweka sawa tu, sema kwanza, na neno linalotumika ni la Kifaransa, «j'adoube». Saa inabonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Simu izime kabisa au uiache nje. Kutetemeka kwake tu kunaweza kukupotezea mchezo. Haya sina maneno mengi nayo, waamuzi watakufundisha kwa ukali wao.

Kuandika hatua nitakusemesha kidogo, maana watu wanalidharau. Ni wajibu wako kuandika kila hatua, yako na ya mwenzako: 32-28 ukisogeza, 28x19 ukila. Anayeanza kuandika siku ya mashindano hupoteza mawazo kila anapotafuta namba ya mraba. Zijue namba 50 kama unavyojua namba za simu za ndugu zako. Mimi hupima hivi: mtu anitajie namba yoyote nami nimtajie jirani zake wanne bila kuangalia bao. 23? 18, 19, 28, 29. Ukiweza hivyo kwa bao zima, kuandika hakutakusumbua, na hata kuhesabu mbele kutakuwa kwepesi. Karatasi ndiyo ushahidi wako pia. Ukitaka kudai sare kwa sababu bao limejirudia mara tatu vilevile, zamu ikiwa ya mtu yuleyule, mwamuzi ataangalia karatasi, hatasikiliza kumbukumbu yako.

Na karatasi hiyo ina kazi baada ya mchezo. Kuna desturi nzuri kwenye mashindano haya: mkimaliza, mnakaa pembeni mnarudia mchezo pamoja. Usiikimbie, hasa ukifungwa. Nimewahi kukaa na mpinzani ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alirudisha kete nyuma mpaka mahali fulani, akaweka kidole kwenye 27, akatikisa kichwa. Kisha akaisogeza kete nyingine niliyokuwa nimeisahau pembeni, akanitazama, akasubiri nione. Sikuona. Akarudia polepole zaidi. Somo lile la bure lilinifaa kuliko vitabu vyangu vyote vya wakati ule, na sikulipa hata senti.

Usimpime mpinzani kwa bendera wala kwa mvi. Alexander Schwarzman wa Urusi alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1998, akautwaa tena ubingwa mwaka 2021. Kuhusu bendera, wapo wanaodhani mchezo huu ni wa Waholanzi na Warusi peke yao. Ni kweli wameutawala, lakini fainali za dunia zimechezwa Bamako mwaka 1980, Dakar 1984, Abidjan 1996 na Yamoussoukro 2019, na kutoka Senegali alitoka Baba Sy, ambaye mwaka 1963 alipaswa kupambana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kuwania ubingwa wa dunia. Pambano halikufanyika. Baba Sy akafariki mwaka 1978, na FMJD ikamtambua kuwa bingwa wa mwaka 1963 ilipofika 1986. Binafsi naona ilichukua muda mrefu mno. Ukipangiwa Msenegali, Mmali au Mkameruni usiyemjua jina, jiandae kwa jasho.

Kujiandaa kwenyewe siku hizi ni rahisi. Programu kama Scan inapatikana bure na inacheza vizuri kuliko binadamu yeyote. Kanzidata ya Toernooibase ina michezo mingi ya wapinzani wako watarajiwa. Drafti ya miraba 64 ya kanuni za Kiingereza ilishatatuliwa na kompyuta mwaka 2007, ikathibitika kwamba wawili wasiokosea huishia sare. Bao la miraba 100 halijatatuliwa, kwa hiyo usiogope kwamba kila kitu kimeshakaririwa. Ila programu itumie kwa adabu. Kwanza chambua mchezo wako mwenyewe, andika pale unapodhani mambo yaligeuka, ndipo uwashe mashine ikusahihishe. Ukianza na mashine, utajua jibu bila kujua lilivyotafutwa, na ukumbini mashine haipo.

Neno juu ya raundi ya mwisho. Pointi zikilingana, mashindano mengi huangalia wapinzani uliokutana nao walikusanya pointi ngapi. Hilo huwezi kulidhibiti, lakini unaweza kulijua. Kabla hujakaa, simama mbele ya jedwali, angalia kama sare inakutosha au lazima ushinde, na uamue hapohapo utacheza bao la namna gani. Ikiwa sare inatosha, usione haya kuitafuta: badilishana kete mapema, weka katikati pako salama, na hakikisha njia ya kufika 46 au 5 haijafungwa. Ikiwa lazima ushinde, fanya kinyume. Acha kete nyingi mezani, epuka kubadilishana, na vumilia mpaka saa ya mwenzako ianze kumbana.