Umeambiwa diski za mgongo zimechoka? Soma hii kabla hujafunga biashara

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe. Ni mpishi, anapika chakula cha mchana na kupeleka maofisini mjini. "Dada, majibu ya MRI yametoka. Diski mbili zimechoka, moja imetokeza. Nimeambiwa nisibebe kitu kizito tena. Nimeshampata mteja wa masufuria, nimuuzie?"

(MRI ni picha ya ndani ya mwili, na diski ni vile vifuko laini vilivyo kati ya pingili za mgongo.) Sijawahi kuonana naye, lakini najua anachokitafuta, maana ndicho tunachokitafuta wapishi wote tunaokutana hapa: jina lako liwe la kwanza kutajwa kamati ya harusi ikikaa. Kwa hiyo mdogo wangu, nakujibu hadharani, na wengine wasome.

Mimi yalinianza msimu wa harusi. Tulishusha sufuria la pilau jikoni, mimi na kijana wangu wa kazi, tukalitua vizuri tu, nikashindwa kunyooka. Kiuno kilikaza. Moto ukateremka mguu wa kushoto hadi kisigino, na vidole viwili vikafa ganzi. Nilimaliza kupakua nimeegemea meza, na bibi harusi hakujua kitu. Baada ya hapo yakafuata ya kila mtu: sindano, vidonge vya maumivu vya diklofenaki, mkanda wa kiuno, godoro gumu, mashangazi na dawa zao.

Hospitali moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, daktari alitazama picha yangu ukutani. Hakunigusa mgongo. Akasema, "Mama, kazi ya jiko kwa mgongo huu imekwisha." Niliporudi baadaye bado naumwa, mwenzake aliona picha haijabadilika, akamwambia mume wangu, mimi nimekaa hapo hapo, kwamba mengine ni mawazo tu. Yaani mgongo umekwisha, halafu siumwi. Nilifanyiwa mambo mengi kipindi kile, ila hilo la kuambiwa nadanganya mbele ya mume wangu halijanitoka mpaka leo.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, IASP, kilirekebisha maelezo yake rasmi ya maumivu ni nini. Humo wameandika wazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Wakaeleza pia kwamba maumivu yanaweza kuwepo hata pale ambapo jeraha halionekani. Ukiambiwa ni mawazo, jua kwamba wanaoyasoma maumivu kwa undani hawasemi hivyo.

Sasa tuje kwenye picha. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi iliyokusanya tafiti za watu waliopigwa picha za mgongo ilhali hawaumwi popote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Hao wote wanalala usingizi wao vizuri. Basi picha yako imeonyesha diski, lakini haijaonyesha kwamba hizo ndizo zinazokuumiza, na wala haijui kesho utabeba nini. Hiyo iliyotokeza inaweza kweli kuwa imegusa mshipa wa fahamu, hasa kama mguu unawaka. Hata hivyo, diski za namna hiyo mara nyingi hunywea zenyewe miezi ikipita. Dada zangu, tuache kuziabudu karatasi za vipimo.

Kwa nini basi mtu aumwe muda mrefu baada ya jeraha kutulia? Mfumo wa fahamu hujifunza. Ukishatishwa, unakuwa mlinzi wa mtaa aliyewahi kuibiwa akiwa zamu: tangu hapo anapuliza filimbi hata kwa muuza maziwa. Filimbi ni ya kweli, kelele unaisikia, ila mwizi hayupo. Kuinama kufunga kiatu kunauma, na hakuna kinachochanika.

Mambo haya yanafanyiwa kazi kubwa duniani, na mimi kama mpishi lipo moja linalonifurahisha sana. David Julius wa Marekani aliitumia kemikali inayowasha kwenye pilipili kutafuta mlango ulio kwenye mishipa yetu ya fahamu unaopokea muwasho huo. Alipoupata, akaona ndio huo huo unaofunguka kwa joto kali, la nyuzi 43 hivi na kuendelea. Ndiyo maana ukikata pilipili mbuzi vidole vinaungua wakati hakuna moto. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango inayopokea mguso. Januari 2025 Marekani ikaidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu makali ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Haiko kwenye jamii ya mofini, zile dawa kali za maumivu zinazoweza kumfanya mtu teja. Inafunga mlango mmoja wa umeme kwenye mishipa inayopeleka habari za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Lakini usikae kuisubiri, mdogo wangu. Ilipojaribiwa kwa watu wenye moto wa kushuka mguuni kama wetu, waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani walipata nafuu inayokaribiana na ya waliopewa dawa yenyewe.

Na hizi za dukani? Australia walijaribu parasetamoli kwa mgongo ulioanza kuuma, wakatangaza mwaka 2014 kwamba haikuharakisha kupona. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba hata dawa ya jamii ya mofini haikushinda kidonge kitupu kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo. Diklofenaki inapunguza, sikatai, lakini ukiila miezi na miezi inachubua tumbo, inapandisha presha na kuchosha figo. Tumbo langu lilinifundisha. Moto wa mguuni una dawa zake, zingine kama amitriptilini kwa dozi ndogo, na hizo ni za kuandikiwa na daktari, si za kuazimana.

(Sizungumzii saratani. Huko ni habari nyingine. Pale hospitali ya saratani ya Ocean Road wagonjwa hupewa mofini ya maji, na mwenye mgonjwa nyumbani asimnyime kwa kuogopa kwamba atakuwa teja.)

Aliyenisaidia mimi ni binti wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unataka kurudi kufanya nini?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia kubeba sufuria. Akaleta ndoo ya lita 5 yenye maji nusu, akaiweka juu ya stuli, akasema beba. Nililia. Niliibeba. Ikajazwa, ikaja ya lita 10, stuli ikawa fupi, mwisho ndoo ikawa chini sakafuni. Kiuno kiliuma njiani na hakikuvunjika. Mambo mengine ya miezi ile hayana utamu wa kusimulia.

Na kutembea. Kutembea, kutembea, kutembea. Mwaka 2024 huko huko Australia walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wamepona mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea, wakijenga taratibu hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa, siku 112. Ni bure. Mimi natoka Sinza alfajiri kabla jua halijawaka, Jumapili nakwenda Coco Beach. Usiniambie huna muda. Foleni ya kutoka Mbagala unaipatia muda kila siku.

Mwezi uliopita nimepika kipaimara cha watu 400. Sufuria nimeshusha mimi.

Kwa hiyo usiuze. Tafuta fiziotherapia, mwambie unataka kurudi kwenye nini, anza na kidogo, ongeza. Mkanda usiwe vazi. Kulala kitandani kutwa nzima kunadhoofisha.

Ila zipo dalili ambazo hazingoji. Mkojo au haja kubwa ikitoka bila kujijua, au mkojo ukigoma kabisa. Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani. Mguu kulegea na kuburuzika. Hizo nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na mgongo unaoambatana na homa, jasho la usiku au kupungua mwili uchunguzwe mapema, kwa sababu TB hushambulia hata pingili za mgongo, na saratani nayo hufika huko. Kama una lolote kati ya hayo, mdogo wangu, acha kutembea na acha ndoo, niandikie ukiwa njiani kwenda Muhimbili.