Seli changa, seli pevu na ukarabati wa gegedu

Gegedu la goti langu limetoboka. Mbona ngozi ikikatwa huziba, lakini gegedu haliponi?

Gegedu la kiungo, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, hivyo seli za ukarabati hukosa njia ya kufika. Seli chache zilizomo nazo zimefungiwa ndani ya nyuzi za kolajeni, protini inayoipa tishu uimara, ambazo mtu mzima karibu hazijengi tena. Utafiti uliopima umri wa nyuzi hizo kwa kaboni 14, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba nyuzi za uzeeni ndizo zile zile za ujanani.

Ni kweli kijusi hupona bila kovu?

Kwa kondoo imeonekana: jeraha la juujuu kwenye gegedu la kijusi hujijenga upya. Seli zake bado zinagawanyika kwa kasi.

Basi kadiri seli ilivyo changa ndivyo inavyofaa zaidi?

Hapana, na hili ndilo ninalotamani lieleweke. Seli shina za kiinitete, yaani za mimba changa kabisa, zinaweza kuwa seli za karibu aina yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo: zikibaki ambazo hazijakomaa, zinaweza kuota uvimbe. Seli pevu za gegedu zina shida nyingine. Zikizalishwa maabara husahau kazi yake, zikaanza kutoa kolajeni ya aina ya 1, ya kovu, badala ya aina ya 2, ya gegedu la kiungo.

Umri peke yake hautoshi. Tazama pia seli imeshika njia gani. Mtoto anapoumbwa tumboni, gegedu jingi ni la muda tu, kwa kuwa baadaye hugeuka mfupa. Lile la kudumu hutokana na seli za pale kiungo kitakapokuwa, zinazotambulika kwa jeni ya GDF5. Seli shina za uboho wa mtu mzima zikichochewa ziwe gegedu, hufuata njia ile ya kwanza: huvimba, hutoa kolajeni ya aina ya 10, na huelekea kuwa mfupa. Kwa maoni yangu, seli tangulizi, yaani iliyo kati ya seli shina na seli pevu, ambayo tayari imeelekea kwenye kiungo, lakini bado inazaana vizuri, ndiyo yenye matumaini zaidi.

Seli za mtoto wa mtu mwingine hazitakataliwa na mwili wangu?

Gegedu hufichika kiasi kwa kinga ya mwili, kwa sababu ile ile ya kukosa damu. Marekani hupandikizwa vipande vya gegedu la watoto waliofariki, bila kulinganisha tishu. Nchini Japani watafiti wametumia seli za vidole vya ziada vilivyoondolewa kwa watoto.

Nina miaka 58 na goti limesagika lote. Seli zangu mwenyewe zitanisaidia?

Pole sana. Upandikizaji wa seli za mgonjwa mwenyewe, uliotangazwa na madaktari wa Uswidi mwaka 1994, unalenga tundu lenye mipaka, siyo goti lililosagika lote. Ukiuziwa sindano ya seli shina, uliza zimetoka kwenye tishu gani, kwa mtu wa umri gani, zimezalishwa mara ngapi, na kama kuna picha zinazoonyesha gegedu lililoota.